Mdogo wangu umemaliza chuo, mafanikio yako yaandike mwenyewe

Wadogo zangu mnaovaa joho msimu huu hongereni sana, na nasema hongera kutoka moyoni maana najua mmepita wapi, najua kubebana wawili kitanda kimoja hosteli za Mabibo, najua pasi ndefu, kuruka milo, ile wiki ya mwisho kabla bumu, hela ya mkopo, halijaingia, najua kukesha kwenye vimbweta, yale mabenchi ya kusomea, na madesa, notsi za kurithishana, yaliyopita mikono mingi mpaka hayasomeki, na ile raha ya kuliona jina lako kwenye orodha ya wahitimu, hakuna sapu ya kurudia mtihani hakuna keri ya kurudia somo. Pigeni picha, vaeni mataji ya maua, kateni keki. Mi nilimaliza Mlimani mwaka 2015, B.Com ya uhasibu, na picha ya siku ile mama kaitundika sebuleni kwetu Mbagala.

Baada ya keki zinaanza simu. Wajomba, mashangazi, jirani aliyekuchangia nauli ya kwanza ya kwenda chuo, mwalimu wako wa sekondari, na wote swali lao ni moja, uko wapi siku hizi, na wanauliza kwa upendo kabisa wala sio watu wabaya. Shida ni kwamba jibu wanalo tayari. Hapa Dar kuna orodha ambayo haijaandikwa popote ila kila mtu anaijua: kazi ya ofisini Posta au Masaki na kitambulisho shingoni, chumba masta Sinza au Kijitonyama, alafu gari, ile Toyota IST, alafu kiwanja Kigamboni au Bunju, alafu harusi ya ukumbini yenye kamati na kadi za michango. Sina ugomvi na hata kimoja kwenye hiyo orodha, kuna watu inawafaa na wanaifurahia kweli. Ila hakuna anayekaa na wewe akakuuliza, hivi mdogo wangu hiki unakitaka? Na kila kimoja kinakuja na gharama yake, na gharama anailipa aliyekubali orodha, sio aliyeitunga.

Nivumilieni tupige hesabu kidogo, ndo kazi yangu, na chuoni hatukufundishwa kusoma salari slipu. Chukua mshahara wa laki 7 kwa mwezi, ambao kwa mtu anayeanza wengi watakwambia umepata. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, wanachukua 10%, hiyo ni 70,000. Kama ulisoma kwa mkopo Bodi ya Mikopo wanachukua 15% ya mshahara wa msingi, hiyo ni 105,000. Kodi ya mapato inakatwa kwenye 630,000 baada ya kutoa NSSF, inakuja 42,000. Unaondoka na 483,000. Sasa chumba cha laki na nusu, mwenye nyumba anataka miezi sita, laki 9, na dalali anataka kodi ya mwezi mmoja, jumla 1,050,000 yani zaidi ya mishahara miwili ya mkononi na bado hujanunua godoro. Hapo hujala, hujapanda daladala, hujatuma nyumbani, na kwenye grupu la wasap la darasa kuna harusi inachangisha.

Alafu watu wa benki wanakuja ofisini kwenu na fomu za mkopo wa mshahara. Nina rafiki yangu alisaini mkopo wa miaka mitano ndani ya mwaka wake wa kwanza kazini akachukua gari, na kazi yenyewe alikuwa haipendi hata kidogo, alikuwa akiniambia kabisa kwamba Jumapili jioni tumbo linamuuma akifikiria Jumatatu. Asingeweza kuondoka. Kila alipotaka kuondoka alikumbuka lile rejesho. Gari lenyewe lilikuwa zuri, safi kabisa, tumepanda sana, ila alikuwa ameuza miaka yake mitano kwa kitu ambacho hakuna siku alikaa akajiuliza kama anakihitaji, alikichukua kwasababu wenzake wa intaki moja walishachukua. Hili linaniumiza mpaka leo nikilifikiria maana ni kijana mwenye akili sana.

Mimi nilianzia kampuni ya ukaguzi wa hesabu katikati ya mji. Sikuwa na koneksheni, niliomba, nikafanya mtihani, nikaitwa intavyuu, nikapata. Siwasemi vibaya, kazi nilijifunzia pale. Ila kazi ya ukaguzi ina msimu wake, kampuni nyingi zinafunga mwaka Desemba na ritani ya mwisho ya kodi inatakiwa iwe TRA, mamlaka ya mapato, ndani ya miezi sita, kwahiyo Januari mpaka Juni unakuwa sio wa kwako. Wiki hii upo Geita kwenye mgodi mnahesabu stoku, wiki ijayo Mwanza, ukirudi Dar unatoka ofisini usiku na Mbagala ni mbali. Wakati huo mama alikuwa na kisukari, anajichoma sindano mwenyewe, na mdogo wangu wa kiume alikuwa bado shule. Sukari ya mama ilikuwa inashuka ghafla. Jirani ndo ananipigia mimi nipo Geita. Hela ya dawa ilikuwepo, tena ya kutosha, ila mtu wa kukaa nae jioni akahakikisha amekula baada ya sindano hakuwepo.

Nikaanza kujiuliza maswali ambayo hakuna fomu ya ajira inauliza. Nataka jioni niwe wapi? Nani lazima ale kwa jasho langu, na nani nikimwambia hapana dunia haitaanguka? Kuna kitu gani nikikikosa nitajutia nikiwa na miaka hamsini? Na nikajibu kwa maandishi, kwenye daftari la kawaida la shule, maana kichwani majibu yanabadilika kila ukiona stetasi ya mtu. Majibu yangu yalikuwa hivi: niwe nyumbani jioni siku nyingi za wiki, mdogo wangu amalize chuo, dawa za mama zisikatike, niifanye kazi niliyoisomea kwa watu ninaowaona uso kwa uso, na nisidaiwe na benki. IST haikuwemo. Sio kwamba naichukia, nilitafuta sehemu ya kuiweka kwenye yale maisha nikaona haina kazi.

Mtaani kwetu kuna mama mmoja ana duka la vitenge Kariakoo, Mtaa wa Kongo, kaishia kidato cha nne, na anazungusha hela ambayo wengi wetu wenye digrii hatujawahi kuishika. Siku moja akaniambia, "Mwanangu we si umesomea hesabu, hebu njoo unisaidie, mi nauza kila siku naona hela inapita ila mwisho wa mwezi nikitafuta faida siioni." Nikaenda Jumamosi. Hakuwa na tatizo la mauzo hata kidogo. Hela ya duka na hela ya nyumbani vilikuwa kwenye droo moja, ada ya watoto inatoka hapo, mchango wa msiba unatoka hapo, mzigo mpya unatoka hapo, na akiuza kitenge anahesabu bei yote kama faida. Tukatenganisha. Nikamwekea daftari la manunuzi na la mauzo, nikamwekea na mshahara wake mwenyewe, maana hakuwa amewahi kujilipa, alikuwa anachukua tu. Baada ya muda akanionyesha daftari limejaa mwandiko wake, anajua mzigo upi unamlipa na upi unamlalia. Niliifurahia ile siku kuliko ripoti yoyote niliyowahi kuisaini ofisini, na nasema hivi nikiwa nazipenda ripoti pia.

Akaniunganisha na jirani yake wa dukani, jirani akaniunganisha na wa stoo, ikawa hivo. Wafanyabiashara wa Kariakoo wana hofu kubwa na karatasi, na hofu yenyewe ina sababu. Mtakumbuka Mei 2023 walifunga maduka, malalamiko yalikuwa kamatakamata ya TRA na usajili wa stoo, mpaka Waziri Mkuu wa wakati ule, Majaliwa, akaja kukaa nao Mnazi Mmoja. Mule ndani kuna watu hawakwepi kodi kwa ubaya, hawajui tu makadirio yanalipwa kwa awamu nne, Machi, Juni, Septemba na Desemba, hawajui lini mauzo yao yanawaingiza kwenye VAT, kodi ya ongezeko la thamani, hawajui risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, ya mzigo walionunua ina faida gani kwao wenyewe. Mtu akieleweshwa kwa Kiswahili cha kawaida, amekaa kwenye kiti chake cha plastiki anakunywa kahawa, anaelewa vizuri tu na analipa. Hiyo ndo kazi yangu saivi. Nimejisajili kama mshauri wa kodi, natunza vitabu vya maduka, naandaa ritani, jioni naingia daladala ya Rangi Tatu narudi kwa mama.

Kuna miezi nazidi mshahara wangu wa zamani na kuna miezi sifikii. Nawaambia hivo mjue, msije mkadhani nimekuja kuwauzia habari za kuacha kazi.

Maana hata huku kwenye "jiajirini" kuna orodha ya watu. Kila mahafali mgeni rasmi anasimama anasema msitegemee kuajiriwa, jiajirini, na kwenye makongamano ya hamasa mnaambiwa mwenye mshahara ni mtumwa. Sikubaliani nao kabisa. Kumwambia kijana ambae moyo wake upo darasani au wodini aende akafuge kuku kwasababu ndo kuna hela, ni kumvalisha nguo iliyopimwa mwilini mwa mtu mwingine, sawasawa tu na yule anaemlazimisha kufanya kazi Posta. Anaetaka kweli biashara aende, na ajue kwamba halmashauri zinatenga 10% ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024, mnakwenda kwa kikundi. Ila aende kwasababu anaitaka.

Mwenzangu mmoja tuliyepanga nae chumba alisomea ualimu. Zamani ukimaliza ualimu serikali inakupangia kituo, sasa hivi unaomba Ajira Portal, mtandao wa ajira wa serikali, unaitwa usaili kama watu wengine, na yeye alisubiri miaka akifundisha tuisheni Tandika kwa hela ya kuungaunga. Akaja kupata, kapangiwa Kigoma, ndani ndani huko. Kwenye grupu watu wakampa pole. Pole! Mtu ambae tangu mwaka wa kwanza alikuwa anasema anataka shule ya kijijini yenye eneo la kulima na watoto ambao hawajawahi kuona maabara. Akinipigia sauti yake inasikika kabisa kwamba yupo alipotaka kuwa, ananieleza habari za migomba yake na vijana wake wa kidato cha tatu walivyofaulu kemia. Na mwingine tuliekuwa nae kwenye ukaguzi bado yupo kule kule, kamaliza CPA, mitihani ya juu ya uhasibu, anapenda kusafiri, anapenda presha ya dedilaini, kwake Januari mpaka Juni ndo anajisikia mzima. Kila mmoja yuko sawa, na hakuna hata mmoja wetu angeweza kuishi siku ya mwenzake.

Sasa lipo jambo ambalo wanaoongelea "maisha yako, maamuzi yako" huwa wanaliruka, na kwetu sisi haliruki. Hatukusoma peke yetu. Mi nilisoma kwa mkopo wa serikali, kwa vitumbua vya mama, na kwa ng'ombe wa mjomba wangu wa Singida. Mwalimu Nyerere alikuwa anamfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki kwenye kijiji chenye njaa, ale apate nguvu ya kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula, na asipoleta basi ni msaliti. Nauamini huo mfano mpaka leo. Ila angalieni, mtu yule anadaiwa chakula, hajachaguliwa njia ya kupita. Na Mwalimu mwenyewe alirudi kutoka Edinburgh 1952 na shahada yake, akapata kazi ya kufundisha Pugu, kazi ya mshahara na heshima kwa mtu mweusi wa wakati ule, na 1955 akaiacha kwa ajili ya TANU. Hebu fikiria walioisikia habari ile kule nyumbani walisema nini.

Kwahiyo nilipoamua kuacha kazi sikumtumia mjomba meseji. Nilipanda basi nikaenda Singida.

"Mjomba shikamoo."

"Marahaba. Mama yako kaniambia unataka kuacha kazi."

"Ndio mjomba."

"Yani tumeuza ng'ombe ukasome, leo unakuja kuniambia unaenda kuwaandikia wamachinga madaftari?"

Sikubishana nae. Nilikuwa nimekuja na lile daftari langu, nikamsomea namba. Ada ya mdogo wangu naendelea kulipa mimi. Dawa za mama ziko pale pale. Ile ya bibi ya kila mwezi haipungui hata shilingi. Kitakachopungua ni vya kwangu, nguo, matembezi, na michango ya harusi nitakuwa natoa ya kadi ya chini. Akiba ninayo ya kuendesha hivyo vitu vyote hata kama miezi ya mwanzo nisipate mteja. Mjomba akanyamaza muda mrefu, alafu akauliza, "Na wewe ukiumwa?"

Lilikuwa swali la mtu anaenipenda na sikuwa na jibu lililokamilika. Nikarudi Dar nikakata bima ya afya, nikaenda NSSF nikaandikishwa mchangiaji wa hiari, na nikaenda Bodi kuwaambia kwamba nimetoka kwenye ajira nitakuwa nalipa mwenyewe, maana deni lile usipolisemea halikusahau. Wale waliomaliza zamani walikuwa wanaongezewa 6% ya kulinda thamani ya mkopo kila mwaka, serikali iliifuta 2021, kwahiyo nyie mnaoanza sasa mzigo wenu ni mwepesi kidogo, msiukimbie.

Nikamtumia mjomba picha za zile karatasi zote. Mpaka leo akiulizwa kijijini anasema mpwa wake yuko ofisi moja kubwa Posta. Namuacha, ameuza ng'ombe wake ana haki ya kusimulia anavyopenda, na hela ya bibi inafika.

Nikija kwenu mnaomaliza mwaka huu na bado mpo nyumbani, CV zimejaa kwenye flashi na simu haiiti, najua mnasoma haya mkiona kama ni anasa, kwamba mwenye njaa hachagui. Chukua kazi iliyopo, ndio, shika hata ya muda, kaa dukani kwa shemeji, fundisha tuisheni, hakuna aibu. Ila daftari andika sasa hivi wakati huna kitu, kwasababu hela ikishaanza kuingia kila mtu atakuwa na maoni juu yake na sauti yako utakuwa huisikii vizuri. Andika kiasi halisi, kwa shilingi, unachohitaji kwa mwezi uishi na utunze wa kwako. Wengi mkikiandika mtashangaa sio kikubwa kama mnavyokiogopa, na wachache mtakuta ni kikubwa kweli, mna wagonjwa, mna wadogo wengi, na basi ile kazi ya Posta yenye mshahara mnono ndo mafanikio yenu halisi kwa miaka hii na mkaitafute kwa nguvu zote bila kumuonea haya anaesema mmeuza ndoto. Alafu msomee mzazi wako au aliyekusomesha. Msomee ana kwa ana. Akikataa muulize anaogopa nini, maana nyuma ya maneno makali mara nyingi kuna swali kama lile la mjomba, na swali kama lile linaweza kujibiwa.

Mdogo wangu yuko Chuo Kikuu Ardhi, anasoma upimaji ardhi, mwakani anamaliza. Juzi nimemsikia mama anaongea na jirani kwenye uzio anasema mwanangu wa kiume ataingia wizarani. Jirani alipoondoka nikamuuliza, mama, yeye mwenyewe umeshamsikia anataka nini? Mama akaendelea kuchambua mchele, akasema hajawahi kumuuliza, ila akija likizo atamuuliza.